Cheti au digrii? Kwa kijana wa Bagamoyo anayetaka kazi ya kompyuta

Vijana wa Bagamoyo, Kiromo na Mapinga wanaomaliza shule hubishana sana juu ya jambo hili. Nina msimamo wangu: kazi unayoitaka ndiyo inayoamua.

1. Soma tangazo kabla ya kulipa ada. Ingia tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, tafuta nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II. Wanataka shahada. Cheti cha mitandao cha CCNA cha Cisco peke yake hakitakuvusha hapo, hata ukiwa hodari kuliko wote walioomba. Kama lengo lako ni wizara au halmashauri, nenda chuo.

2. Panda ngazi kwa ngazi. Hili nalisisitiza kwa familia ambazo fedha huja kwa msimu: wavuvi, wakulima, wachuuzi wa samaki. Mwenye ufaulu unaotakiwa wa kidato cha nne anaweza kuanza na astashahada, akaenda stashahada, kisha shahada. Ada ikikwama katikati, kijana anabaki na sifa inayotambuliwa nchi nzima. Aliyekatiza shahada mwaka wa pili hurudi nyumbani mikono mitupu. Ila hakikisheni kwanza kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Bango kubwa barabarani si usajili.

3. Sekta binafsi ina vipimo vyake. Mwenye hoteli ya ufukweni anataka intaneti isikatike wageni wakijaa, kamera zione geti usiku, na printa ya mapokezi ichape risiti. Kwake, cheti kimoja cha mitandao pamoja na mtu wa kukusemea kwamba kazi unaiweza vinaweza kushinda GPA nzuri isiyowahi kushika waya.

4. Mtihani wa CCNA ni dola 300 za Marekani, na cheti chake hudumu miaka 3 tu, halafu unatakiwa kukihuisha. Digrii haiishi muda. Kwa hiyo usikimbilie kulipia mtihani. Cisco hutoa programu ya Packet Tracer bure. Jenga humo mitandao, ivuruge, itengeneze tena, hadi mkono uzoee. Ukifika hapo, lipa.

5. Ukiwa na nafasi ya shahada na mkopo umepata, usiiache kwa sababu ya cheti cha miezi michache. Soma vyote viwili, cheti ukifanye likizo.

6. Field, yaani mafunzo kwa vitendo, isiwe ya kugongewa mhuri tu. Omba ukae na fundi, panda naye darini, andika mlichotengeneza na jinsi mlivyokitengeneza. Daftari hilo nenda nalo kwenye usaili.

Nanyi wenye hoteli, shule na zahanati kuanzia Bunju hadi Bagamoyo, pokeeni walau mwanafunzi mmoja wa field kila likizo, na mlipieni nauli.