Mahali pa Wazee Kupumzika na Kusikilizana

Mtumiaji anaponunua redio, huijaribu kabla ya kulipa. Bustani ya umma nayo ni huduma: wananchi huigharamia kwa kodi na kwa ardhi yao. Hata hivyo, ni nadra watu kwenda mahali palipopendekezwa, wakaketi na kusikiliza kabla ya ujenzi kuanza. Somo hili linaeleza jinsi ya kufanya hivyo kwa manufaa ya wazee, yaani watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003.

Kwa nini sauti ni jambo la afya

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya robo ya watu waliovuka umri wa miaka 60 wana upungufu mkubwa wa kusikia. Uzeeni, sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, zikiwemo zile za herufi s, f na t. Mzee husikia kwamba anasemeshwa, lakini hashiki neno. Kunapokuwa na ngurumo ya mashine karibu, hata maneno machache aliyokuwa akiyapata humezwa. Kwanza huomba arudiwe, kisha hunyamaza, na mwishowe huacha kuja. Hivyo bustani yenye kelele humrudisha kwenye upweke ambao ilikusudiwa kumwondolea.

Mazungumzo ya kawaida, kwa umbali wa mita moja, yana ukubwa wa takriban desibeli 60. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unashauri kwamba kelele za mchana katika sehemu za nje za makazi zisizidi desibeli 55, ili watu wasipate kero kubwa.

Mambo manne ya kupanga mapema

*Umbali.* Mahali pa wazi, kelele ya mashine moja hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Mashine yenye desibeli 70 ukiwa mita 10 itakuwa na takriban 64 kwa mita 20, 58 kwa mita 40, na 52 kwa mita 80. Kwa hiyo mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda na vipaza sauti vya baa visiwekwe ubavuni mwa viti vya wazee.

*Kizuizi.* Safu moja ya miti huleta kivuli na ndege, lakini haizuii kelele kwa kiasi kikubwa. Kinachofaa ni tuta la udongo au ukuta usio na matundu, wenye kimo cha kumzuia aliyeketi asikione chanzo cha kelele.

*Viti.* Viti vipangwe kwa nusu duara, si kwa mstari mmoja mrefu. Anayesikia kwa shida husaidiwa sana na kuuona uso na midomo ya mwenzake.

*Sauti njema.* Utulivu si ukimya mtupu. Mahali pasiposikika mtu huweza kumtia mzee hofu. Ndege, majani na watoto wanaocheza kwa mbali humpa faraja na kumjulisha kwamba hayuko peke yake.

Haki yako katika maamuzi

Katika maeneo kama Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, nafasi ya kupanga ingalipo kabla makazi hayajasongamana. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate kwanza idhini ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kugawa ardhi. Basi, mkutano unapojadili eneo la wazi, au kiwanja cha mashine kando yake, swali la kelele liulizwe hapo hapo. Halmashauri ya kijiji inaweza pia kutunga sheria ndogo. Aidha, zipo Kanuni za mwaka 2015 za viwango vya udhibiti wa kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Zoezi

Nendeni watu wawili, mmoja wenu awe mzee, mahali palipopendekezwa. Nendeni asubuhi, jioni na siku ya gulio. Ketini mkiwa mmeachana mita moja, mzungumze kwa sauti ya kawaida kwa dakika kumi. Andikeni:

1. Ni mara ngapi mzee ameomba arudiwe?
2. Ni sauti gani iliyowakatiza, nayo imetoka upande upi?
3. Je, mkihama hatua hamsini, mnasikilizana vizuri zaidi?

Pelekeni majibu kwenye mkutano. Kuhamisha alama ya kiwanja kwenye ramani hakugharimu kitu. Kuhamisha mashine iliyokwisha kujengewa banda ni gharama na ugomvi. Mzee aliyekwisha kuzoea kubaki nyumbani naye si rahisi kumrudisha.