Pacha wa pampu

Fundi mzoefu huweka mgongo wa kiganja juu ya mota, akatega sikio kidogo, akakwambia beringi haimalizi mwezi. Lakini hawezi kukaa hapo usiku kucha, na akistaafu anaondoka na sikio lake.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na pacha wa kidijitali: nakala ya mashine iliyomo kwenye kompyuta, inayopokea vipimo vya joto, mtetemo na umeme kutoka mashine yenyewe, kisha inavilinganisha na jinsi mashine nzima inavyopaswa kuwa saa hiyo, kwa mzigo huo. Jina ni jipya, wazo si jipya. Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka ndani ya chombo cha anga cha Apollo 13, NASA ilijaribia hatua za kuwarudisha wanaanga kwenye vifaa vya mazoezi vilivyokuwa duniani, vilivyoiga chombo hicho.

Chukua pampu ya maji ya kiwandani, mota yake ikizunguka mara 1,450 kwa dakika, yaani kama 24 kwa sekunde. Mtetemo ukizidi kwenye 24 hiyo, mara nyingi kuna kitu kimepoteza usawa, pengine impela imelika upande mmoja. Ukizidi kwenye 48, shuku kwamba shafti ya mota na ya pampu hazikulingana zilipofungwa. Pampu ikitoa maji machache kwa umeme uleule, imechakaa ndani. Joto nalo usilipuuze: mafundi wa umeme hukadiria kwamba kila nyuzi 10 juu ya kiwango hukata nusu ya maisha ya insulesheni ya mota.

Anza na mashine moja, ile ambayo ikisimama kiwanda kizima kinasimama. Fufua daftari la matengenezo, maana pacha hujifunza humo. Mkibadilisha beringi, mjulisheni pacha siku hiyohiyo. Pacha asiyejua habari hizo atapiga kelele bure, na baada ya wiki mbili hakuna atakayemsikiliza. Onyo likitoka, fundi akague kwanza kihisio kama hakijalegea, ndipo spea inunuliwe.

Na muuzaji akikuonyesha skrini yenye grafu za kupendeza, mwulize: saa hii, kwa mzigo huu, mota yangu ilipaswa kuwa na nyuzi ngapi? Akishindwa kujibu, anakuuzia kipimajoto cha bei mbaya. Usitie saini.