Gesi Baridi Ndani ya Upepo wa Moto: Somo la Falaki

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu mwanafunzi, tunapotaja elimu ya falaki hapa madrasa wengi wetu huishia kwenye kuandama kwa mwezi, kibla na nyakati za swala. Hayo ni ya lazima na hayaachwi. Hata hivyo waliotutangulia hawakuishia hapo. Mnamo mwaka 964, Abdul-Rahman al-Sufi, mwanachuoni wa falaki aliyefanya kazi Isfahan, aliandika kitabu chake maarufu cha sura za nyota, na ndani yake akalitaja doa hafifu mfano wa wingu dogo katika kundi la nyota tunaloliita leo Andromeda. Wakati ule hapakuwa na njia ya kujua kwamba lile wingu ni galaksi nzima, yenye nyota zisizohesabika, na kwamba nuru yake imesafiri miaka milioni 2.5 mpaka kulifikia jicho lake.

Makala haya yanazungumzia galaksi nyingine mbili, ziitwazo M82 na NGC 253. Zote mbili ziko mbali zaidi kuliko Andromeda, kiasi cha miaka ya nuru milioni 11 hadi 12. Ndani yake kuna jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaweza kulikataa: gesi baridi mno inasafiri ndani ya upepo wenye joto la mamilioni ya nyuzi.

Nyota hutokana na baridi

Ukimuuliza mtu nyota inazaliwa na nini, atakujibu kuwa ni moto, kwa sababu nyota ni moto. Ukweli ni kinyume chake. Nyota hutokana na mawingu ya gesi, hasa hidrojeni, na ili wingu lijikusanye mpaka liwe nyota ni lazima liwe baridi. Gesi ya moto hutanuka na kujisukuma nje kwa nguvu, na mvutano wake wenyewe hauwezi kuishinda. Gesi iliyopoa haina ubishi huo. Mawingu yanayozaa nyota katika galaksi yetu yana baridi ya kufikia nyuzi 260 chini ya sifuri. Basi tukisema gesi baridi ndiyo akiba ya galaksi, kama unga ulivyo akiba ya mpishi wa maandazi, hatujatia chumvi. Ikiisha gesi hiyo, nyota zilizopo zitaendelea kuwaka kwa muda wake, lakini mpya hazitazaliwa.

Galaksi yetu, ile ambayo Waarabu waliuita mkanda wake wa nuru Majarra, hutumia akiba yake kwa utaratibu: kwa mwaka mmoja huzaa nyota zenye jumla ya uzito wa jua moja au mawili hivi. M82 ni ndogo kuliko yetu, lakini inazaa kwa kasi ya takriban mara kumi. Sababu yake inajulikana. Jirani yake M81, iliyo kubwa zaidi, ilipita karibu nayo na kuivuta kwa mvutano wake, na gesi nyingi ikaporomokea katikati. Kwa NGC 253 kazi hiyo hufanywa na safu ndefu ya nyota iliyokaa katikati yake kama mtambaa wa panya wa dari, ambayo huisukuma gesi kuelekea kitovuni. Galaksi za namna hii tuziite galaksi zenye fumuko la nyota.

Upepo unatoka wapi?

Nyota hazilingani umri. Jua letu limekadiriwa kuishi takriban miaka bilioni 10. Nyota kubwa sana hazifiki huko. Huchoma hidrojeni yake kwa pupa na baada ya miaka milioni chache tu hulipuka, mlipuko uitwao supanova. Palipo na fumuko la nyota, nyota kubwa huzaliwa nyingi mahali padogo, kwa hiyo na vifo vyake vinafuatana mahali palepale. Joto la mlipuko mmoja hukutana na joto la mwingine kabla halijapoa, mpaka inapatikana gesi ya makumi ya mamilioni ya nyuzi iliyobanwa katikati ya galaksi. Galaksi ni bapa kama sahani, na gesi hiyo ikitaka kutoka hupita upande ulio mwembamba, juu na chini, kama mvuke unavyoinua mfuniko wa sufuria badala ya kupasua ubavu wake. Huo ndio upepo wa galaksi, na kasi yake hupita kilomita 1,000 kwa sekunde.

M82 iliandikwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Johann Bode mwaka 1774, na kwa muda mrefu ilionekana kuwa kipande cha nuru tu. Mwaka 1963 wanafalaki wawili wa Marekani, Roger Lynds na Allan Sandage, walionesha kwamba kuna nyuzinyuzi za gesi zinazotoka katikati yake kwenda nje. Wao walidhani ni mlipuko mmoja mkubwa uliotokea zamani. Baadaye ikafahamika kuwa ni upepo huu tuliouelezea, kazi ya supanova nyingi zinazopokezana. (Wanafunzi wenzangu wasikate tamaa: mwaka 2014 supanova moja ndani ya M82 iligunduliwa huko London na mwalimu wa chuo kikuu, Steve Fossey, pamoja na wanafunzi wake, katika kipindi cha kujifunza kutumia kamera ya darubini huku mawingu yakitanda. Ile ilikuwa ya aina nyingine, si kifo cha nyota kubwa, lakini waliiona wao kabla ya mabingwa wote.)

Hapa naomba nisimame kidogo. Katika Surat Fussilat, aya ya 11, limetajwa neno dukhan, yaani moshi, na kila picha ya gesi inapotoka angani hakosi mtu wa kusema hii ndiyo ile. Mimi siafiki haraka hiyo. Kwanza, aya inazungumzia kuumbwa kwa mbingu, na upepo wa M82 unatoka katika galaksi iliyokwisha kuwapo. Pili, tazama yaliyotokea kati ya 1963 na leo: maelezo ya wataalamu yalibadilika kutoka mlipuko mmoja kuwa upepo. Aliyefungamanisha aya na maelezo ya kwanza angelazimika kuifungua tena baadaye, na aibu hiyo angeitwisha Qur'ani wakati kosa ni lake. Tumeamrishwa kutafakari katika uumbaji. Kutafakari si kubandika.

Baridi hiyo imejulikanaje?

Gesi ya moto hujulikana kwa eksirei inazotoa, na darubini za angani huzinasa. Gesi baridi ni ngumu zaidi, kwa sababu hidrojeni iliyopoa sana iko kimya, haitoi mawimbi ya kuitambulisha. Lakini imechanganyika na kiasi kidogo cha gesi ya kaboni monoksidi, ile ile hatari inayotoka kwenye jiko la mkaa lililowashwa chumbani na madirisha yamefungwa. Hiyo huzungumza hata katika baridi kali, kwa mawimbi ya redio ya urefu wa milimita 2.6. Palipo na sauti ya kaboni monoksidi, wataalamu wanajua hidrojeni baridi ipo, tena nyingi.

Na kasi yake je? Umeshawahi kusikia honi ya basi likija, jinsi sauti inavyokuwa nyembamba, na likishakupita inakuwa nzito? Mawimbi ya redio nayo hufanya hivyo. Chanzo kikija kwetu, mawimbi hubanana, kikiondoka, hurefuka. Kanuni hii ilielezwa na Christian Doppler mwaka 1842. Kwa kupima mabadiliko hayo, mtu aliye hapa duniani anaweza kusema wingu fulani linakimbia kilomita ngapi kwa sekunde, na hajawahi kulisogelea.

Kwa njia hiyo, mwaka 2002 Fabian Walter na wenzake walichora ramani ya gesi baridi ya M82, wakakuta sehemu kubwa iko nje ya galaksi, juu na chini ya ile sahani. Si yote iliyopeperushwa na upepo. Nyingine iling'olewa na yule jirani M81, na kuzitenganisha hizi mbili ni kazi ya uangalifu. Kisha mwaka 2013 ikatoka habari ya NGC 253, na hii ndiyo iliyowatikisa watu. Alberto Bolatto na wenzake walitumia ALMA, mkusanyiko wa antena 66 uliojengwa katika jangwa la Atacama nchini Chile, karibu mita 5,000 juu ya bahari, mahali pakavu ambapo unyevu wa hewa haumezi mawimbi haya.

Hesabu ya NGC 253

Fuatana nami katika hesabu, kwa kuwa ni nyepesi. Katikati ya NGC 253 huzaliwa nyota zenye jumla ya uzito wa majua matatu hivi kwa mwaka. Kikundi cha Bolatto kilipima gesi baridi inayotoka na upepo na kukuta si chini ya majua matatu kwa mwaka, na yamkini ni tisa. Maana yake ni kuwa, kwa kila pishi moja la unga linalopikwa, kati ya pishi moja na mapishi matatu yanamwagika nje kwa sababu ya moto wa kupikia wenyewe. Kwa mwendo huo walikadiria gesi ingeweza kumalizika katika miaka milioni 60 tu. Kwa umri wa galaksi, huo ni muda wa kufumba na kufumbua. Vipimo vya baadaye vilitoa kiwango cha upepo kikubwa zaidi ya hicho.

Lakini hesabu hiyo ina sharti, na wengi huliruka: gesi iliyotoka isirudi. Kutoka ndani ya sahani si sawa na kuihama galaksi. Jiwe ukilirusha juu litapanda, litapungua mwendo, kisha litarudi, isipokuwa kama umelirusha kwa kasi ya kulishinda vuto la ardhi. Kwa M82, uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 na Adam Leroy na wenzake ulionesha kuwa gesi baridi hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali, na kwamba sehemu kubwa yake haielekei kutoroka. Ni kama chemchemi, hupanda na kuanguka. Kwa hiyo akiba iliyotoka leo inaweza kurejea na kuzaa nyota baadaye. Hapo ndipo penye uzito wa suala zima, kwani kati ya kutoroka na kurudi ndipo inapojulikana kama galaksi inakufa au inapumzika.

Kwa nini haiungui?

Limebaki lile fumbo la mwanzo. Wingu baridi likipigwa na upepo wa mamilioni ya nyuzi unaokwenda kilomita elfu moja kwa sekunde, linatakiwa liraruke na kuyeyuka kabla halijafika mbali, kama bonge la sukari katika chai inayokorogwa. Hesabu za kompyuta za miaka ya 1990 zilionesha hivyo hasa. Ila darubini zinaionesha gesi hiyo ikiwa salama maelfu ya miaka ya nuru kutoka kitovuni.

Wataalamu wana majibu mawili yanayosikika zaidi. La kwanza ni kwamba upepo wenyewe, ukishatanuka, hupoa, na gesi baridi huzaliwa upya njiani. La pili, ambalo Max Gronke na Peng Oh walilitolea hesabu mwaka 2018, ni kwamba wingu likiwa kubwa vya kutosha, gesi yake huchanganyika na ya moto kwenye kingo, mchanganyiko hupoa upesi, na wingu badala ya kupungua huongezeka. Mwenye kutaka mfano aangalie upande wa ndani wa mfuniko wa sufuria: mvuke ni wa moto, lakini ukigusa bati lenye ubaridi hugeuka matone, na matone yanazidi. Mimi jibu hili la pili linanikinaisha zaidi, maana linaeleza pia namna wingu linavyopata mwendo: gesi inayojiunga nalo huja na kasi yake. Hata hivyo majibu haya mawili hayagombani, na huenda yote yanafanya kazi mahali pamoja.

Darubini ya James Webb nayo ilitoa picha za M82 mwaka 2024, na zikaonesha kwamba upepo huo umefumwa kwa nyuzi nyembamba za vumbi na chembe za kaboni zinazofanana na masizi, zikianzia kabisa kule kwenye makundi ya nyota changa. Chembe hizo ni dhaifu, na kuwapo kwake ndani ya upepo mkali kiasi kile ni ushahidi mwingine kwamba kuna kitu kinachozihifadhi.

Kwa anayetaka kuangalia

M82 iko kaskazini mno, katika kundi la Dubu Mkubwa ambalo nyota zake saba Waarabu waliziita Banat Na'sh, na kwetu pwani huinuka kidogo tu juu ya upeo. NGC 253, aliyoigundua bibi Caroline Herschel mwaka 1783, inapita juu sana katika anga letu. Chagua usiku wa mwisho wa mwezi wa Kiislamu, usio na mbalamwezi, katikati ya Novemba, mbali na taa za mji. Yapata saa tatu na nusu usiku elekea kusini na utazame juu sana. Utaona nyota yenye mwanga wa kadiri ikiwa peke yake. Ni Diphda, jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya chura. Nyosha mkono, kunja ngumi, kisha shuka kutoka Diphda kuelekea kusini kwa kiasi kisichofika ngumi moja. Kwa darubini ya macho mawili utaona doa refu la kijivu, jembamba, lililolala. Upepo wake hutauona, kwa sababu hautoi nuru ya kutosha kwa jicho, lakini doa lenyewe ndilo hilo.

Wabillahi tawfiq.