Abiria akikohoa, chenji inaniponyoka

Shangazi, shikamoo. Mimi ni konda wa Coaster, Nachingwea–Ruangwa. Februari mwaka huu wa 2021 nilikohoa wiki nzima nikiwa kazini, maana tajiri anataka hesabu. Mara mama naye akaugua. Tukaambiwa ni changamoto ya upumuaji. Siku ya nne tukamzika. Tangu hapo abiria akikohoa moyo unanienda mbio, chenji inaniponyoka, hesabu haitimii. Silali bila pombe kali. Siku nyingine natamani gari lipinduke nimfuate. Dereva wangu anasema nimerogwa. Je, nilimuua mama?
Konda, Nachingwea

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile uliloliandika harakaharaka, la gari kupinduka. Hilo silipiti. Mwambie mtu leo, dada au mjomba, yeyote unayemwamini, na usilale peke yako. Likikujia kwa nguvu usiku, nenda hospitali ya wilaya usiku huohuo. Ukifika sema "nataka kufa". Ukisema kichwa kinauma utapewa panadol urudi stendi.

Mama hukumuua. Februari ugonjwa ulikuwa sokoni, misibani, ibadani, na hakuna ajuaye yeye aliupatia wapi. Takwimu za mwisho tulizokuwa tumetangaziwa, wagonjwa 509, zilikuwa za Mei 2020. Baada ya hapo nani angekuambia kikohozi chako ni cha nini? Jina lenyewe tulilikwepa. Tukapiga nyungu, tukazika, tukasema upumuaji. Nadhani donda lako limekaa hapo: umeuliwa mama na kitu kisichotajwa, ukajitaja wewe badala yake. Kaa na nduguzo, mlitaje. Semeni mama alikufa kwa korona. Huenda kuna mwingine humo ndani anayejilaumu kama wewe.

Na hujarogwa. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kukatika miezi sita baada ya msiba, hayo ni maradhi na yana tiba. Pombe inakulaza kwa saa mbili kisha inakuamsha na hofu maradufu. Mweleze daktari yote, na pombe usiifiche.

Halafu Agosti hii barabara ya Ruangwa ni vumbi tupu, na nusu ya abiria wako wametoka kupuliza salfa kwenye mikorosho. Hata mimi ningekohoa. Najua hofu haisikii hoja, lakini kuna ya kufanya kwa mikono: fungua madirisha, vaa barakoa, kachanje. Ni sindano moja. Rais Samia alichomwa yake 28 Julai mbele ya kamera.

Kazi ndiyo ngumu. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili. Ila konda aliyeajiriwa kwa mdomo pale stendi, akiugua huambiwa kesho asije. Kwa hiyo usiache kazi kimyakimya. Tafuta deiwaka unayemwamini wa kukushikia nafasi, nenda naye kwa tajiri, omba wiki mbili.

Nawe tajiri, ukisoma hapa ukamtambua kijana wako, usimuulize hesabu ya wiki hizo. Na nafasi yake mlangoni usimpe mtu.