SOMO LA ROBO HII: Taa ya Nyuma ya Pikipiki ya Usharika – Kubadili Globu ya Kawaida kwa LED

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika, na marafiki mnaochangia kazi hii,

Pikipiki ya usharika hununuliwa kwa michango ya watu wengi, na mara nyingi hutumika mpaka usiku. Mwinjilisti anarudi kutoka mtaani, mhudumu wa afya anatoka kwa mgonjwa. Mwendeshaji anaiona taa ya mbele tu. Ya nyuma ikizimika yeye hana habari; anayegundua ni dereva wa lori anayemkuta gizani, naye pengine amekwisha kuchelewa.

Baadhi ya kamati zimekuwa zikiuliza kama inafaa kubadili globu ya nyuma na kuweka ya LED. Jibu ni ndiyo, kwa sharti moja: kazi hii ipimwe kwa macho ya aliye nyuma ya pikipiki, si kwa mng'ao wa globu ikiwa mkononi mwa muuzaji.

1. Kwa nini globu ya kawaida hufa mapema

Ndani ya globu ya kawaida kuna uzi mwembamba wa tungsteni unaotoa mwanga kwa kuwa moto sana. Mtikisiko wa barabara mbovu huukata. Pikipiki nyingi hutumia nyuma globu yenye nyuzi mbili: mmoja wa wati 5 kwa taa ya kawaida, na mwingine wa wati 21 kwa breki. Kwa umeme wa volti 12, uzi wa breki huvuta ampea 1.75 hivi. Swichi ya breki ikikwama, betri ndogo ya ampea-saa 5 inaweza kuisha katika muda wa saa tatu.

LED haina uzi. Inastahimili mtikisiko vizuri zaidi na hutumia wati chache tu. Tena huwaka papo hapo, wakati uzi wa kawaida huchukua kama sekunde 0.2 kufikia mwanga wake kamili. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri zaidi ya mita 3 katika muda huo. Mita 3 zinatosha kutenganisha kusimama salama na kugonga.

2. Si kila LED inafaa

*Tofauti ya mwanga.* Globu ya kawaida ya wati 21/5 hutoa takriban lumeni 35 kwa taa ya nyuma na lumeni 440 kwa breki, yaani zaidi ya mara kumi. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia dereva wa nyuma, "Huyu anasimama." Baadhi ya LED za bei ndogo huwaka karibu sawa katika hali zote mbili. Hizo msinunue, hata zikiwa kali kiasi gani.

*Rangi.* Ikiwa plastiki ya taa ni nyekundu, LED nyekundu hupitisha karibu mwanga wake wote. LED nyeupe hupoteza sehemu kubwa, kwa kuwa wekundu ni kidogo katika mwanga wake. Lakini angalieni kama taa ina kidirisha cheupe chini cha kumulika namba ya usajili. LED nyekundu tupu itaifanya namba ionekane nyekundu na isisomeke vizuri. Hapo tafuteni yenye vitoa-mwanga vyeupe upande wa chini, au fungeni taa ndogo nyeupe ya namba.

*Mwelekeo.* Chagueni globu inayotoa mwanga mbele na pande zote, ili kioo kilicho nyuma ya globu kiusambaze. Ile inayomulika mbele tu huonekana vizuri ukiwa nyuma yake sawasawa, lakini hufifia ukisogea pembeni.

3. Hatua za kazi

1. *Anzeni na ubovu uliopo.* Mara nyingi tatizo si globu. Safisheni kutu ndani ya holda kwa msasa laini, kazeni waya wa hasi unaoshika kwenye bodi, na badilisheni plastiki iliyopasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta: LED mpya katika holda yenye kutu itazimika vilevile.

2. *Soma volti.* Pikipiki nyingi ni za volti 12, lakini baadhi ya za zamani ni za volti 6. Imeandikwa kwenye betri na kwenye globu ya zamani. Linganisheni pia kitako cha globu, idadi ya nukta zake za umeme na mahali pa vipini vyake.

3. *Jueni umeme unatoka wapi.* Washeni swichi ya taa injini ikiwa imezimwa. Taa ya nyuma ikiwaka, inatumia betri. Ikiwaka tu injini inapounguruma, na kufifia injini inapozunguka polepole, basi huenda inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili. Umeme huo hugeuka mwelekeo, nayo LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Itametameta au kuungua. Hapo fundi aihamishie kwenye umeme wa betri, au mbaki na globu ya kawaida. Akihamisha, apime pia taa ya mbele, kwani mzigo ukipungua na kidhibiti cha volti ni kibovu, globu ya mbele inaweza kuungua.

4. *Pimeni chaji.* Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, betri ya volti 12 isomeke kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, rekebisheni kwanza. Volti nyingi huua LED.

5. *Rekebisheni swichi za breki.* Taa iwake mara pedali inapoanza kushuka, na izime ikiachiwa. Kama breki ya mkono ina swichi yake, nayo ijaribiwe peke yake.

Indiketa ziacheni kwanza. LED huvuta umeme mdogo, na kifaa cha kumetesha cha zamani kitametesha haraka mno au kugoma kabisa.

4. Kabla ya kumlipa fundi

Mjumbe mmoja asimame hatua thelathini nyuma ya pikipiki, mara moja mchana na mara moja usiku, kisha asogee kushoto na kulia. Mwenzake ashike breki na kuachia bila kumwambia. Kama aliye nyuma hawezi kutaja kila mara breki inaposhikwa, kazi haijaisha. Andikeni matokeo kwenye daftari la pikipiki. Kiakisi-mwanga chekundu kisiondolewe, kwani hicho hakihitaji umeme.

5. Kwa marafiki wanaopenda kutuma globu

Tunashukuru. Tafadhali ulizeni kwanza aina ya pikipiki, volti na kitako cha globu. Someni pia maandishi ya kwenye pakiti, maana LED nyingi za bei nafuu zimeandikwa kuwa si za matumizi ya barabarani. Mara nyingine mchango wenye faida zaidi ni malipo ya fundi na holda mpya.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni nani katika usharika wetu anayekagua taa ya nyuma kabla ya safari ya usiku, na mara ya mwisho alifanya hivyo lini?
2. Je, bajeti yetu ya pikipiki ina fungu la matengenezo madogo, au ni mafuta peke yake?
3. Pikipiki yetu ni ya volti ngapi, na taa yake ya nyuma inapata umeme kutoka wapi?

Kamati ambayo haina jibu la swali la tatu isinunue kitu bado. Iende kwanza kwenye pikipiki yenyewe, pamoja na fundi.