Ugumu si Uimara: Somo la Sifa za Madini

Mtoto akiambiwa kwamba almasi ni gumu kuliko madini yote ya asili, hudhani kuwa nyundo haiwezi kuivunja. Kosa hilo chanzo chake ni neno. Katika mazungumzo yetu mhogo huwa mgumu, hata mtihani huwa mgumu. Bali katika sayansi ugumu wa madini ni uwezo wake wa kustahimili kukwaruzwa. Tofauti hii haifahamiki kwa kukaririshwa. Yafaa wanafunzi waione kwa macho yao.

Vifaa: Chumvi ya mawe ya Uvinza, kokoto nyeupe ya kwatsi kutoka ufukoni, penseli, karatasi, msumari, nyundo na kitambaa kizito.

Hatua ya kwanza: Wanafunzi wakwaruze chumvi na kokoto kwa msumari. Chumvi itachimbika, kwatsi haitachimbika. Katika kipimo alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, chumvi ina ugumu wa 2.5 hivi, kwatsi 7, na almasi 10.

Hatua ya pili: Mwalimu azifunge chumvi na kokoto katika kitambaa, kisha azigonge. Kwa kuwa vipande huruka, nyundo aishike yeye peke yake. Zote mbili zitavunjika. Chumvi itatoa nyuso bapa zenye pembe mraba. Kwatsi itavunjika bila mpango. Hapo tuwaulize: je, kisichokwaruzika hakivunjiki?

Hatua ya tatu: Wanafunzi waandike kwa penseli. Grafiti iliyomo ni laini, hata karatasi huibandua. Nayo ni kaboni, kama almasi. Tofauti yao ni mpangilio wa atomi. Almasi nyingi, zikiwamo za Mwadui mkoani Shinyanga, ziliumbika katika kina cha zaidi ya kilomita 150, ambako mgandamizo mkubwa huzibana atomi pamoja. Kina kikubwa kabisa cha Ziwa Tanganyika ni mita 1,470 hivi. Wanafunzi wapige hesabu: ni maziwa mangapi kama hili yangepangwa moja chini ya jingine ili kufika huko?

Maswali ya kupima:
1. Kwa nini almasi hukata kioo, lakini huweza kupasuliwa kwa nyundo?
2. Taja sifa moja inayotofautisha chumvi na kwatsi, mbali na ladha.
3. Grafiti na almasi zinafanana kwa nini, na zinatofautiana kwa nini?

Mwanafunzi akilijibu swali la kwanza kwa maneno yake mwenyewe, somo limefika.