Hakiki Kwanza: Kijitabu cha Wazazi wa Wanasoka Chipukizi Wanaotaka Kusoma na Kucheza Nje ya Nchi

Kwa nini tumetoa kijitabu hiki

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu yanafanana mno. Mtu asiyefahamika anajitokeza baada ya mechi ya vijana, anamsifia mtoto mbele za watu, anaomba namba ya simu ya mzazi. Wiki hiyohiyo inaingia WhatsApp barua yenye nembo ya klabu ya Ulaya. Mtoto ameitwa kwenye majaribio na atasomeshwa bure. Kinachotakiwa ni ada ya usajili na ya viza tu, na mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Familia inauza kiwanja, mama anakopa kwenye kikoba. Fedha zikishafika, simu haipokelewi tena. Wengine yanawakuta makubwa zaidi: mtoto anasafirishwa kweli, kisha anatelekezwa ugenini.

Tunajua wapo wazazi wanaodhani ofisi kama yetu inawabania watoto riziki. Si kweli. Tunataka vijana wetu wafike mbali, lakini wafike salama. Kwa hiyo tunasema jambo moja, na tutalirudia: usitoe hata shilingi moja, na usimkabidhi mtu pasipoti ya mtoto, kabla hujahakiki.

Kanuni ya miaka 18

Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji kinazuia klabu kumsajili mchezaji kutoka nchi nyingine akiwa hajatimiza miaka 18. Kanuni hii haiogopi ukubwa wa klabu. Barcelona ilifungiwa kusajili mwaka 2015 kwa sababu ya watoto wa kigeni. Real Madrid na Atlético Madrid zikafuata, na mwaka 2019 ikawa zamu ya Chelsea.

Misamaha ipo michache: mzazi aliyehamia nchi hiyo kwa sababu isiyohusu soka, familia inayoishi jirani na mpaka, mkimbizi, au mwanafunzi wa mpango wa kubadilishana anayechezea klabu ya ridhaa kwa muda usiozidi mwaka. Kila msamaha una masharti yake. Maombi hupitia chama cha soka cha nchi anakokwenda mtoto, na FIFA ndiyo inayoamua. Ule msamaha wa vijana wa miaka 16 hadi 18 wa Umoja wa Ulaya ni wa uhamisho ndani ya Ulaya yenyewe. Kijana anayetoka Tanzania haumhusu, na England nayo haimo tena tangu Januari 2021.

Basi mtu akikuambia mwanao wa miaka 15 "ameshasajiliwa" na klabu ya Ubelgiji au Uturuki bila msamaha wa FIFA, ujue ama anakudanganya, ama anataka kukuingiza kwenye uvunjaji wa kanuni. Hakuna jibu la tatu la kulisubiri kwa kulipa.

Njia iliyo wazi ni shule

Mtoto anaweza kwenda nje kama mwanafunzi, katika shule inayofundisha masomo na soka. Kelvin John, aliyeng'ara na Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, alipita njia hiyo. Alisoma na kufanya mazoezi Brooke House College, shule ya bweni iliyopo Market Harborough nchini Uingereza, na Genk ya Ubelgiji ikamsajili Juni 2021 alipotimiza miaka 18. Mbwana Samatta naye alikuwa na miaka 18 alipotoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011. Genk ikamchukua Januari 2016. Wote wawili walisubiri umri, na kusubiri hakukuwapunguzia kitu.

Mwanafunzi husafiri kwa viza ya mwanafunzi. Uingereza, shule lazima iwe na leseni ya kudhamini wanafunzi wa kigeni, na serikali ya huko huchapisha orodha ya shule hizo kwenye tovuti yake. Marekani, shule iliyoidhinishwa humpa mwanafunzi fomu ya I-20 kabla hajaomba viza. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza hairuhusu kucheza soka la kulipwa. Anayekuahidi masomo na mshahara kwa pamoja amekwisha kujifichua.

Namna ya kuhakiki

1. Soma barua kwa makini. Barua pepe inaishia na gmail.com? Jina la mtoto limeandikwa kwa mwandiko tofauti na maneno mengine? Akaunti ya malipo ina jina la mtu binafsi? Weka barua chini, usilipe.

2. Tafuta mwenyewe namba ya shule au klabu kwenye tovuti yake rasmi, kisha piga. Usitumie namba iliyo kwenye barua, kwa maana atakayepokea ni yuleyule aliyeiandika.

3. Mtafute wakala kwenye orodha ya FIFA iliyopo mtandaoni. Tangu Oktoba 2023, kanuni za FIFA zinamtaka wakala awe na leseni. Hata mwenye leseni haruhusiwi kumfuata mtoto mpaka ibaki miezi sita afikie umri wa kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa katika nchi husika, na lazima awe na ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi.

4. Lipa ada kwenye akaunti ya shule, kwa jina la shule. Ada ya shule ya nje hailipwi kwa M-Pesa au Airtel Money ya mtu.

5. Itazame viza kwa macho yako. Kama imeandikwa ni ya matembezi, mtoto haendi kusoma miaka miwili, hata mtu aape vipi.

6. Peleka nakala za nyaraka Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na ofisini kwetu kabla ya malipo, si baada ya malipo. Mtoto wa kuanzia miaka 10 hasajiliwi na klabu ya nchi nyingine bila hati ya uhamisho wa kimataifa, yaani ITC, inayotoka shirikisho la nchi anakotoka. Wakala anayekukataza kwenda TFF anajua kwa nini anakukataza.

Mzazi aliyetuletea barua mapema tumemsaidia kubaki na fedha zake. Hilo tunalisema kwa fahari, na milango yetu iko wazi kwa kila mzazi.

Usiguse umri wa mtoto

Wapo wanaoshauri mtoto apunguzwe miaka ili "apate soko", na wapo wanaotaka aongezwe ili akwepe kanuni ya miaka 18. Yote mawili ni udanganyifu, na kutoa taarifa za uongo ili kupata pasipoti ni kosa la jinai. Tangu mwaka 2009, mashindano ya vijana chini ya miaka 17 hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kuwabaini waliozidi umri. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kibaki kama kilivyo.

Yaliyowapata wengine

Mwaka 2015 iligundulika kwamba vijana 23 wa Afrika Magharibi, wengi wao kutoka Liberia, walikuwa wamepelekwa Laos kwenye kilichoitwa akademi. Walilala sakafuni, katika chumba kimoja. Juni 2023, mamlaka za Ureno ziliingia kwenye akademi moja kaskazini mwa nchi hiyo na kukuta makumi ya vijana wa kigeni, wengine wakiwa watoto. Wazazi wa vijana hao waliwapenda watoto wao kama unavyompenda wako. Upendo bila uhakiki haukuwakinga.

Akishaondoka, na ukishatapeliwa

Baki na nakala za pasipoti, viza, tiketi ya kurudi na bima ya matibabu. Mfundishe mtoto kwamba pasipoti ni yake, na aishike namba ya ubalozi wa Tanzania kichwani. Zungumza naye kila wiki, bila mtu mwingine kusikiliza. Akisema haendi darasani, chukua hatua siku hiyohiyo.

Ukitapeliwa usione aibu, wala usifute ujumbe wa simu. Meseji, risiti za miamala na sauti zilizorekodiwa ndizo ushahidi. Nenda polisi. Kama mtoto yuko hatarini, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 ipo kwa ajili ya watu wanaosafirisha watoto namna hii, na mtoto kukubali kwenda hakumwondolei mhalifu hatia.

Anayenyamaza kwa aibu anamwachia tapeli uwanja wa kijiji cha pili. Toa taarifa. Na wewe ambaye barua imekufikia leo, usilipe Ijumaa: hakiki kwanza.